Nimempima mbwa wangu kwa futi kamba: kosa ni la mbwa, la mwenye mbwa au la aliyemzalisha?

Mgosi_Ughaibuni (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Nina mbwa anaitwa Pilau. Jina alipewa na binti yangu kwa ajili ya rangi yake, kahawia iliyokolea kama kitunguu kilichokaribia kuungua. Ana kilo 48 na kichwa kama boga. Ni XL Bully, aina ya mbwa wakubwa wenye misuli, na huku England namfuga kwa cheti. Bila cheti mimi ningeweza kufungwa hadi miezi sita, na yeye angechomwa sindano ya kufa.

Kwa wasiofuatilia: Sheria ya Mbwa Hatari ya huku ni ya 1991. Watu walikuwa wameng'atwa vibaya mwaka ule, magazeti yakapamba moto, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kenneth Baker, akaipeleka bungeni mbiombio. Aina nne zikapigwa marufuku: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Orodha ikakaa hivyo miaka 32. Septemba 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, akatangaza kwamba XL Bully naye ataingia.

Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa kosa kumuuza, kumzalisha, kumgawa au kumtelekeza, na akitoka nje lazima awe na kamba na kifunga mdomo. Kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa kuwa naye bila cheti. Cheti kilikuwa paundi 92.40. Mbwa ahasiwe, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na uwe na bima ya kuwalipa watu akiwadhuru. Aliyeona haya yote mzigo aliruhusiwa kudai paundi 200 akimpeleka mbwa wake kuuawa.

Sasa sikilizeni kituko. Serikali inasema dume ni XL akifika sentimita 51 begani, jike 48, halafu awe na umbo linalolingana na maelezo yao. Kipimo cha damu hakihusiki. Unachukua futi kamba, unamsimamisha mbwa ukutani kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Pilau alitoka 53. Ndugu yake wa tumbo moja, dume vilevile, yuko kwa mdogo wangu Coventry. Huyo ametoka 50. Baba mmoja, mama mmoja, tuliwachukua siku moja. Mmoja atatembea amefungwa mdomo mpaka siku anakufa, mwingine anakimbia viwanjani akilamba watoto wa watu. Na mkitaka kujua, wa Coventry ndiye mwenye hasira.

Hoja yangu: kupiga marufuku aina ya mbwa ni kufukuza kivuli. Mbwa ni malezi. Anayepaswa kubanwa ni mwenye mbwa. Nawasilisha.

Chapakazi

Mbwa ana cheti, ana chipu, ana bima. Mimi kadi ya kitambulisho naisubiri mwaka wa tatu. Nakuja huko nibweke.

NesiWaLeeds

Kaka Mgosi, nimekusoma hadi mwisho, na mbwa wako nampenda kwa jina tu. Ila mimi nimefanya kazi chumba cha dharura, na "mbwa ni malezi" ni neno ambalo nimelisikia likisemwa na watu wenye damu kwenye viatu.

Karibu kila aliyemleta mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe husema maneno yaleyale: hajawahi kufanya hivi. Na mimi huwa naamini. Hajawahi, kweli. Mwenye mbwa mpole na mwenye mbwa aliyeua anaweza kuwa mtu mmoja, tofauti yao ni jana na leo.

Kila mbwa huuma. Jack Russell, yule mbwa mdogo, ataniuma kabla ya Pilau wako, sibishi. Lakini Jack Russell akikosea tunashona nyuzi nne na mgonjwa anakwenda kazini Jumatatu. Mbwa wa kilo 50 mwenye taya lile na kifua kile akikosea, na akiwa haachii, tunapiga simu ya helikopta. Miaka ile ya 2021 hadi 2023 watu walikufa, wakiwemo watoto, na Bully ndiye aliyekuwa akitajwa tena na tena. Ukiniambia nisubiri mwenye mbwa athibitike kuwa mzembe ndipo sheria imguse, maana yake nisubiri maiti.

Malezi yako wewe mimi mpita njia siyaoni. Nakiona kichwa cha mbwa.

Mzee_wa_Kilinge

Dada umeua uzi.

Mgosi_Ughaibuni

Hajaua. Dada, nakuheshimu na kazi yenu naijua. Lakini tuangalie matokeo. Sheria ya 1991 ilikuja kutuokoa. Kati ya 2005 na 2015 waliolazwa hospitali za England kwa kuumwa na mbwa walipanda kutoka kama 4,100 kwa mwaka hadi zaidi ya 7,200. Pit Bull alikuwa ameshapigwa marufuku muda wote huo! Uholanzi nao walimpiga marufuku mwaka 1993, wakaifuta sheria 2008 kwa sababu watu waliendelea kuumwa kama kawaida. Italia waliwahi kuwa na orodha ndefu ajabu, ikapunguzwa, na 2009 wakaachana nayo, wakasema atawajibika mwenye mbwa, awe wa aina yoyote.

Tena sheria yenyewe haisemi "mbegu fulani", inasema mbwa wa "namna" ya Pit Bull. Anatazamwa umbo. Ukikamatwa, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba mbwa wako siye. Kule Belfast kulikuwa na mbwa anaitwa Lennox, alichukuliwa kwa mwenyewe mwaka 2010 baada ya kupimwa tu, hakuwa amemuuma mtu. Kesi ilikwenda miaka miwili, dunia nzima ikapiga kelele, na Julai 2012 akauawa.

NesiWaLeeds

Hizo 7,200 ni mbwa wa kila aina, na nyingi ni mikono na vidole. Sheria ya aina haikutungwa kwa ajili ya vidole. Usichanganye kuumwa na kuuawa.

Kuhusu Lennox sina la kukutetea upande wangu. Ile ilikuwa aibu.

KiambuKwetu

Wakuu, salamu kutoka Kiambu. Huku kwetu hakuna aina iliyokatazwa na kila geti lina kibao cha MBWA KALI, hata penye paka peke yake.

Nina swali la kweli. Jirani yangu ana Boerboel wawili, wale wa Afrika Kusini, kila mmoja kama ndama. Aliwanunua baada ya kuibiwa mara mbili, na simlaumu. Mchana wanafungiwa kwenye kibanda cha mabati, usiku wanaachiliwa uani. Mwezi uliopita mfanyakazi alisahau komeo, wakatoka. Hawakumgusa mtu, walikula mbuzi wa mama mmoja hapo chini. Alilipwa mbuzi, yakaisha. Lakini watoto wetu hupita barabara hiyo saa kumi na mbili asubuhi wakienda shule. Sasa, kwa hoja ya Mgosi, tungoje nini? Na kwa hoja ya dada, tukikataza Boerboel, huyo jirani si ataleta Rottweiler kesho?

Mswahili_wa_Denmaki

Boerboel huku kwetu ni marufuku tangu 2010. Orodha yetu ina aina 13: Pit Bull na Tosa wamo tangu 1991, wengine 11 wakaongezwa 2010, hadi mbwa wa wachungaji kama Kangal. Mimi naishi vizuri nayo. Jirani zangu wana mbwa wadogo wenye kelele nyingi. Wananikera, ila hawanitishi.

DktMifugo_Moro

Nimekaa pembeni nasoma, sasa niingie maana ndiyo kazi yangu.

"Mbwa ni malezi" na "mbwa ni damu", wote mmeshika upande mmoja wa ng'ombe. Hasira hurithiwa kwa sehemu, kama maziwa yanavyorithiwa kwa ng'ombe. Ukichagua dume kwa vizazi vitano kwa sababu ana kichwa kikubwa na kifua kipana, na hukujali akili yake, utapata kichwa kikubwa na kifua kipana, na akili itakuwa bahati nasibu. Ukimpandisha kwa binti yake ili umbo lisipotee, bahati nasibu inakuwa mbaya zaidi. Huo ndio ugonjwa wa hawa Bully. Wanauzwa kwa picha. Mtu anayeuza kwa picha hana sababu ya kumtoa kwenye uzazi dume anayewarukia watu, kwa sababu hasira haionekani kwenye picha.

Halafu kuna kipindi ambacho wengi hawakijui. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili hadi kumi na nne, mtoto wa mbwa anajifunza dunia ni nini: watoto wa binadamu, wazee wenye bakora, pikipiki, kuku, mwanga wa taa. Alichokizoea hapo hatakiogopa. Asichokiona hapo kinaweza kumtisha maisha yake yote, na mbwa mwingi anayeuma anauma kwa woga, siyo kwa ujasiri. Sasa fikiria wiki zile kitoto kiko gizani kwenye banda, au kimetengwa na mama yake kikiwa na wiki tano. Mnunuzi anakipokea kimeshaharibika. Hapo ndugu yangu Mgosi, "mwenye mbwa" unayetaka abanwe ni yupi? Yule wa wiki nane za kwanza au wewe?

Huku kwetu mtindo ni mwingine. Mbwa anafungwa mnyororo alfajiri mpaka jioni, anapewa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, haruhusiwi kumzoea mtu yeyote "asije akawa mpole", kisha usiku anaachiwa. Tunamtengeneza kwa makusudi, halafu akimng'ata mtoto wa jirani tunasema ana shetani. Mbwa koko huyohuyo, hana mbegu yoyote ya Kizungu.

Na msisahau, hapa nyumbani mbwa wa kuogopwa kwanza ni yule mwenye kichaa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa. Lengo linalojulikana ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya 100 kwenye eneo, kila mwaka, na kichaa kinakatika. Serengeti wamelifanyia kazi miaka mingi, Pemba pia. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake majivu wala mafuta ya taa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Samahani kwa kutoka nje ya mada, lakini siwezi kuona uzi wa mbwa nikapita bila kusema hilo.

BintiPemba

Daktari umetutaja, ahsante. Kwetu mjadala wa mbwa wa sebuleni umeisha kabla haujaanza. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo, hao dini imewapa ruhusa, na wanakaa nje. Huyo Pilau analala wapi?

Mgosi_Ughaibuni

Bibie, analala jikoni. Mama yangu hajui. Naomba uzi huu usifike Lushoto.

Alberta_Baridi

Niongeze ya huku Kanada, maana tuna mifano miwili kwenye nchi moja. Jimbo la Ontario walimpiga marufuku Pit Bull mwaka 2005. Mji wa Calgary, ninakoishi, ulikataa njia hiyo. Wao mwaka 2006 walitunga sheria ndogo ya mji ya umiliki bora: kila mbwa ana leseni, hata yule wa mfukoni. Ada za leseni na faini ndizo zilizoendesha kazi yenyewe, wakaguzi, kituo cha wanyama, mafunzo shuleni. Mbwa wako akimkimbiza mtu tu, bila kumuuma, faini ipo. Akiuma, inapanda, na anaweza kutangazwa yeye binafsi kuwa mbwa wa hatari, akawekewa masharti yake. Yeye, siyo ukoo wake.

Faida ya hiyo ni kwamba wanakushika mapema, kwenye kukimbiza, siyo kwenye maiti aliyoisema dada. Ubaya wake ni kwamba inataka watu wa kuitekeleza kila siku. Kupiga marufuku ni karatasi moja. Wakaguzi wanakula mshahara.

KiambuKwetu

Hapo kwa mshahara umenikata maini. Leseni ya mbwa huku ipo kwenye vitabu. Sijawahi kumwona binadamu aliyeilipa.

NesiWaLeeds

Alberta, hiyo ya Calgary naiunga mkono kwa mikono miwili, nikipewa. Lakini sikupewa. Nilipewa kuchagua kati ya marufuku na "wenye mbwa wawe makini", nikachagua marufuku.

Kaka Mgosi, lile swali la daktari umelirukia. Pilau ulimtoa wapi?

Mzee_wa_Kilinge

Patamu hapo. Navuta kiti.

Mgosi_Ughaibuni

Nilijua litakuja.

Ilikuwa 2020, wakati wa kufungiwa ndani. Kazi nilikuwa nafanyia mezani, mtoto analia anataka mbwa, kila mtu mtaani anatafuta mbwa. Nilimwona mtandaoni. Paundi 1,800 kwa mmoja, mimi na mdogo wangu tukachukua wawili. Muuzaji alisema kwa ajili ya korona tusiende kwake, tukutane maegesho ya magari ya duka fulani. Alikuja na boksi. Nikauliza mama yao yuko wapi, akanionyesha video kwenye simu. Nikalipa taslimu.

Na ndiyo, najua. Aprili mwaka uleule England ilianza kutumika sheria ya kuzuia madalali wa vitoto vya mbwa, mnunuzi unatakiwa umwone mama na watoto wake pale walipozaliwa. Na anayezalisha mara tatu kwa mwaka au anayefanya biashara anatakiwa leseni ya halmashauri tangu 2018. Sikumuuliza leseni. Nilimuuliza kama anaweza kupunguza mia.

Chapakazi

Alipunguza?

Mgosi_Ughaibuni

Hamsini.

DktMifugo_Moro

Asante kwa kusema kweli. Walikuwa na umri gani?

Mgosi_Ughaibuni

Alisema wiki tisa. Daktari wa huku aliwatazama meno akasema labda sita. Yule wa Coventry mpaka leo akisikia mlango wa gari unafungwa anajikunyata chini ya meza, ukimgusa hapo anarusha meno. Pilau sijui alinusurika vipi. Mke wangu alikuwa hana kazi miezi ile, alimbeba kwa kitenge mgongoni akienda naye kila mahali, soko, kanisa lilipofunguliwa, kituo cha basi. Wazungu walikuwa wanapiga picha. Labda ndiyo hizo wiki zako.

DktMifugo_Moro

Ndizo zenyewe. Mpe shemeji pongezi zangu. Mtaalamu wa tabia za mbwa angekuandikia bili kubwa kwa ushauri huohuo, na bila kitenge.

NesiWaLeeds

Kwa hiyo mbwa wa hatari kati ya wale wawili ndiye ambaye sheria imemwacha. Nakubali, kaka. Hilo limenikaa.

Lakini ona na upande wangu: wewe ni mtu mzima, una kazi, unasoma sheria mpaka vifungu, na bado ulikutana na mtu kwenye maegesho ukampa 3,550 taslimu. Kama wewe ndiye "mwenye mbwa anayewajibika" ambaye nchi nzima imtegemee, basi nipe marufuku.

Mgosi_Ughaibuni

😂 Nimekaa kimya dakika kumi hapa.

Sawa. Nirekebishe hoja yangu. Kifunga mdomo sikukipinga hata siku ya kwanza. Nilimzoesha kwa siagi ya karanga, wiki moja akawa anakitia mdomo mwenyewe akijua tunatoka. Kuhasiwa sawa. Bima sawa. Hata kumzuia asizalishe, sawa, kwa aliyezaliwa vile sidhani dunia itapungukiwa. Kinachoniuma ni hiki. Ile namba ya simu ya muuzaji sikuifuta. Mwaka jana nikaitafuta mtandaoni kwa udadisi. Bado anauza. Tangazo ni lilelile, maneno yaleyale, "familia nzuri tu, hatutaki wapotezaji muda". Sasa anauza machotara wa Cane Corso, aina nyingine ya mbwa wakubwa. Hawamo kwenye orodha.

Mimi nimelipa cheti, nimelipa bima, nimelipa upasuaji. Pilau amelipa kwa mdomo. Watu waliouawa wamelipa kuliko sisi sote. Yeye amebadilisha picha.

Mswahili_wa_Denmaki

Ndiyo maana kwetu orodha ilitoka mbili ikafika 13. Na itaongezeka tu.

Alberta_Baridi

Ulimripoti?

Mgosi_Ughaibuni

Halmashauri, kwa barua pepe, na tangazo nikaambatisha. Walijibu wamepokea. Halafu kimya.

KiambuKwetu

Karibu Kiambu mkuu, utajisikia nyumbani.

Daktari, nisaidie hapa kwa jirani kabla uzi haujafungwa. Yeye si mtu mbaya, nikimwendea vizuri atasikia. Nimwambie nini?

DktMifugo_Moro

Kwanza geti. Usimwambie habari ya tabia za mbwa, mwambie geti. Komeo la kujifunga lenyewe, na mlango wa pili kwa ndani, ili mmoja ukisahaulika mwingine uwepo. Ni kazi ya fundi wa kuchomea, siku moja. Mbwa asiyetoka hana wa kumuua barabarani.

Pili, awatoe kwenye mabati mchana. Joto lile peke yake linamfanya kiumbe yeyote awe na hasira. Uzio mpana wenye kivuli na maji. Tatu, dume ahasiwe. Atakwambia atakuwa mlegevu hatalinda; mwambie sauti na ukubwa ndivyo vinavyomfukuza mwizi, na hivyo havikatwi. Nne, kadi ya chanjo ya kichaa aitundike ukutani. Tano, amtafutie huyo mfanyakazi muda wa kuwazoea mbwa na mbwa wamzoee, maana ndiye anayewapa chakula na ndiye atakayeumwa wa kwanza.

Na asiwazalishe. Atashawishika, maana kitoto cha Boerboel kina bei. Ukiona tu tangazo lake, nenda kanywe naye chai tena.

KiambuKwetu

Nimepiga picha ya skrini. Jumapili naenda na mkate.

BintiPemba

Na huyo wa Coventry je? Mmeongea mpaka mbuzi wa Kiambu, huyo mwenye hasira mmemwacha hivihivi.

NesiWaLeeds

Nilikuwa naandika hilohilo.

Mgosi_Ughaibuni

Mna haki. Mdogo wangu hapendi kusikia, anasema namwonea wivu kwa kuwa wake halali. Ana mtoto anatambaa sasa. Nitampigia kesho nimwambie akanunue kifunga mdomo, sheria imtake isimtake. Kile cha zamani cha Pilau kitamtosha, ni cha kikapu, anaweza kuhema na kunywa maji. Nitakipeleka mwenyewe Jumamosi, na siagi ya karanga.

NesiWaLeeds

Usipige kesho. Piga leo.

Mgosi_Ughaibuni

Saa nne usiku hii dada.

NesiWaLeeds

Piga.

Mgosi_Ughaibuni

Inaita.